Wifi Yupo Mpaka Vyumbani

Safari hii ilipangwa ikapanguliwa mpaka ikawa kama wimbo. Mara mmoja hakupewa ruhusa kazini, mara gari limekosekana, mara mvua. Wapangaji wenyewe walikuwa marafiki watano waliosoma pamoja, na kikao chao kilikuwa karakana ya fundi vioo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na meza kubwa. Kila wakikaa, fundi huwakataza kuegemea. Vipande vidogo vya kioo havionekani mpaka vikuingie.

Kiongozi wa safari alikuwa mwalimu wa udereva, msichana mwenye sauti ya kuamrisha. Wamemwita Kamanda tangu shule. Jioni ile aliiegemeza simu yake kwenye kopo la gundi, akawaonyesha picha ya nyumba ya kupanga.

"Tazameni wenyewe. Iko mlimani, chini yake kuna maporomoko ya maji. Vyumba viwili vikubwa, wasichana huku, wavulana kule, sebule katikati. Maji ya moto yapo, jiko lipo, wifi ipo mpaka vyumbani."

"Wifi ipo? Basi mimi nimeshafika," alisema Chaja. Huyu kazi yake ni kutengeneza simu, na intaneti kwake ni kama hewa.

"Wewe ungelala hata zizini, mradi kuna wifi."

"Zizi lenye wifi si zizi tena. Ni ofisi."

"Na mimi nasema mapema," aliingia mpishi wa hoteli, msichana mnene mwenye aibu ya uongo. "Mwaka mzima nawapikia watu. Huko sigusi sufuria. Mkinipa kisu nitakata kucha."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Huyo ni binti wa mama dobi. Wenzake walimwita Haraka kwa kumtania, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Kutembea kwake taratibu, kula kwake taratibu, hata ukimwuliza jambo huna budi kusubiri jibu lipande ngazi. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi akitazama mikono ya fundi.

Fundi alikuwa akikata kioo cha dirisha la mteja. Aliweka rula, akavuta kikatio mara moja tu kutoka huku hadi kule, akagonga kidogo kwa chini, kioo kikaachana kimya kimya kama mkate. Alipoinua macho yalikutana na ya Haraka. Hakuna aliyeyaondoa wa kwanza.

"Haraka, wewe unakuja?" Kamanda aliuliza.

Jibu lilipanda ngazi. "Mimi nakuja. Ruhusa ndiyo haiji."

"Mwambie mama yako ni sisi tu."

"Hilo ndilo tatizo. Ni sisi tu."

Fundi alimsindikiza hadi nje, penye fremu za madirisha zilizoegemezwa ukutani.

"Nije nimwombe mimi?"

"Usije. Akikuona atakumbuka anachokiogopa."

"Ananiogopa mimi?"

"Anaogopa ninavyokutazama."

Fundi aliyapangusa mavumbi ya kioo kwenye aproni yake, akayapangusa tena yalipokwisha. "Unanitazamaje?"

"Rudi ukakate vioo vyako," Haraka alisema, akaondoka kwa mwendo wake ule ule, lakini moyo unakimbia peke yake mbele.

Mama yake alikuwa dobi wa mashuka. Nyumba za wageni zilimletea matenga kwa matenga, naye akafua, akaanika, akapiga pasi. Mwanamke anayefua mashuka ya watu wasiojuana hahitaji kusimuliwa dunia. Ameiona, imefika nyumbani kwake imeviringishwa. Ndiyo maana kila Haraka aliposema safari, alisema hapana kabla hajasikia ni ya wapi.

Ila kwa fundi alikuwa amelainika kidogo. Kijana yule alikuja kumsalimia rasmi, akaja na dada yake mkubwa. Dada huyo ni mkunga, mwanamke mzito wa maneno, mwepesi wa kucheka. Alikaa na mama dobi wakazungumza habari za viuno na maji ya baridi mpaka chai ikapoa. Walipoondoka, mama alimwambia binti yake, "Wifi yako yule ni mtu. Wazee wao wakija, nitawasikiliza. Lakini mpaka siku hiyo lisitokee jambo la kunifanya nimeze neno langu. Nikilimeza, mwanangu, silitapiki."

Haraka alijua mama yake hatishi. Neno lile ndilo lililokuwa daraja lote kati yake na fundi, na lilikuwa la ubao mmoja.

Sasa mama dobi alikuwa na tabia yake. Vyombo vyake vyote vya kazi alivifanya watu. Mashine ya kufulia ikigoma, husema, "Huyu leo kaamka vibaya." Pasi aliiita bibi mkali. Umeme ukikatika, "Kaondoka bila kuaga." Haraka alikua katika lugha hiyo, akaizoea, na akiwa nyumbani alijibu hivyo hivyo bila kufikiri.

Siku aliyokwenda kuomba ruhusa, mama alikuwa amesimama na pasi mbele ya shuka jeupe, mvuke umejaa chumba.

"Hiyo nyumba yenyewe ikoje?" mama aliuliza, sauti ya mtu ambaye jibu lake analo tayari.

"Nzuri, mama. Wasichana chumba chao, wavulana chao. Jiko lipo, maji ya moto yapo, wifi..."

Pasi ikasimama hewani.

"Wifi yupo?"

"Yupo, mama."

"Muda wote?"

"Usiku na mchana."

"Halali?"

Haraka alitabasamu. Alijua mama ameanza mambo yake ya kufanya vitu watu. "Atalalaje, na watu wote wanamtegemea yeye?"

"Na vyumbani anafika?"

"Anafika mpaka vyumbani. Kamanda aliuliza kabisa."

"Kumbe huyo Kamanda ana akili." Mama alirudisha pasi kwenye shuka, akavuta taratibu. "Ila msimchoshe. Watu watano wote juu yake mmoja."

"Tukimng'ang'ania wote kwa pamoja anapunguza mwendo kidogo."

"Si ajabu. Hata mimi ningepunguza." Akakunja shuka, akalipigapiga mgongoni kama mtoto. "Basi nenda."

Haraka aliganda. Alikuwa amekuja na hoja nyingi, amezipanga kichwani njia nzima, na hakutumia hata moja. Alimkumbatia mama yake kwa nyuma, uso kwenye kitenge chenye harufu ya sabuni, akatoka mbio kabla neno halijabadilika. Ndiyo siku pekee aliyostahili jina lake.

Mabinti mnaonisoma, hapa msipapite upesi. Ukiona mlango uliofungwa miaka umefunguka kwa kusukumwa kidogo, usiingie tu. Uliza nani kaufungua. Mama alikuwa anasema dada wa fundi. Binti alikuwa anasema intaneti. Neno moja, watu wawili, kila mmoja amelishika upande wake, na wote wanatabasamu.

Waliondoka asubuhi na gari la shule ya udereva, lenye maandishi ya kuwaonya wengine kwamba ndani kuna mwanafunzi. Kamanda aliendesha huku akifundisha. "Mnaona yule? Hajawasha taa ya kuashiria. Huyo ningemrudisha somo la kwanza." Chaja alilala mdomo wazi. Mpishi alikula njia nzima, akisema anakagua chakula tu. Haraka alikaa nyuma ya kiti cha fundi. Kila gari lilipokata kona aliona shingo ya fundi ikigeuka kidogo, jicho moja likimtafuta kwenye kioo cha kando, likimpata, likirudi barabarani.

Nyumba ilikuwa kama picha, jambo ambalo ni nadra. Baraza pana la mbao, hewa ya baridi yenye harufu ya majani, na sauti ya maji chini bondeni isiyonyamaza. Wali wa kwanza waliunguza, kwa sababu mpishi alikaa kwenye kiti akawatazama wakiunguza, miguu juu, furaha tupu. Walikula hivyo hivyo, wakauita wali wa moshi. Jioni wakacheza karata, na fundi akashindwa makusudi kila alipocheza na Haraka.

"Unaniachia," Haraka alimwambia.

"Sikuachii. Nikikutazama nasahau karata nilizoshika."

"Jamani, mnasikia haya," Chaja alisema. "Mimi nikisahau karata naambiwa mjinga."

Kila mtu akaenda chumba chake, wasichana huku, wavulana kule.

Asubuhi yake walikuwa barazani wanakunywa chai, fundi amekwenda kukandamiza kioo cha dirisha la jikoni kilicholegea, maana hakuweza kukivumilia. Simu ya Haraka ikaita. Mikono yake ilikuwa na siagi, akabonyeza sauti ya wazi kwa kifundo cha kidole.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Salama, mama. Tunakunywa chai."

"Mmelala na baridi?"

"Kidogo tu."

"Haya. Nipe wifi nimsalimie."

Chaja aliacha kutafuna.

"Nikupe... wifi?"

"Ndiyo, dada wa huyo kijana. Tangu jana nampigia hapatikani. Nikasema labda huko mlimani simu yake haishiki. Mpe hiyo yako."

Haraka aliona chumba cha pasi, mvuke, na yale maneno yote yakimrudia moja moja yakiwa yamevaa nguo nyingine. Halali. Anafika mpaka vyumbani. Msimchoshe.

"Anaoga, mama," akasema. "Akitoka nakupigia."

Uongo huwa hivyo. Hauhitaji kutumwa. Unakaa karibu na ulimi ukingoja nafasi.

Simu ilipokatika, Chaja aliangua kicheko, chai ikamtokea puani. "Wifi anaoga. Jamani, wifi anaoga." Kisha akamwona Haraka usoni, kicheko kikafa. "Samahani, dada yangu."

"Mama ataapa kwamba nilimpangia," Haraka alisema. "Atasema nimemwekea mtu asiyekuwepo ili nije nilale nyumba moja na wanaume. Na neno lake atalimeza."

Kamanda alikohoa, akaiweka sauti chini, nzito, ya kupumua. "Shikamoo, mama. Ni mimi mkunga. Huku tuko salama. Watoto wanalala mapema, na mimi mwenyewe nakaa mlangoni."

Wote walimgeukia. Ilikuwa sauti yenyewe. Kamanda alimsikia mkunga mara moja tu, lakini aliwaigiza watu tangu shule, hata mwalimu mkuu.

"Nipe simu," Kamanda alisema. "Dakika moja tu na yamekwisha. Mama anapata amani, wewe unapata mume, mimi napata zawadi."

Haraka alifuta siagi mikononi. Akaichukua simu, kidole kikaenda kwenye jina la mama.

"Usipige."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa begani. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha alilokuwa analikaza.

Haraka alishuka ngazi za baraza, naye fundi akamfuata mpaka kwenye uzio wa mbao, mahali ambapo maji yanasikika zaidi na watu hawasikii.

"Wewe humjui mama yangu," Haraka alianza.

"Ndiyo maana nataka anijue."

"Akijua leo hatakujua kesho. Atafunga. Nimemwona akifunga, sikusimuliwa. Dada yake mwenyewe alimdanganya mara moja, mpaka leo wanasalimiana kwa mbali kama majirani."

"Kwa hiyo tumdanganye na sisi, mara ya pili?"

"Kidogo tu. Mpaka wazee wako waje."

"Na wakija, dada yangu akakaa pale sebuleni, mama akamwambia asante kwa kunilindia mwanangu kule mlimani. Dada atasema nini? Mimi nitatazama wapi?"

Haraka aliushika uzio kwa mikono miwili.

"Sitaki kukuoa kwa sauti ya kuazima," fundi alisema polepole. "Nitakuoa, halafu kila mama akimsifu dada kwa simu hiyo nitakuwa natoka jasho. Tutazeeka natoka jasho."

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe ukikataliwa utapata mwingine."

Lilimponyoka. Fundi aligeuzia uso wake upande wa maji, na kwa muda Haraka aliona taya yake tu. Aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na hakuyaficha.

"Nimekaa miaka nakata vioo vya nyumba za watu," akasema. "Kila nikiweka dirisha najiuliza wewe ungesimama upande gani kutazama nje. Huyo mwingine simjui. Nikikataliwa nitakataliwa, lakini niwe nimekataliwa mimi mwenyewe, si mtu mliyemtunga."

Haraka alinyoosha mkono akautoa uzi wa kitambaa uliokuwa umemnasa fundi kwenye kola, akauviringisha kati ya vidole.

"Basi mpigie," alisema.

"Nitampigia."

Jibu lilipanda ngazi, safari hii ndefu kuliko zote. "Hapana. Neno nililitoa mimi. Simama tu hapo."

Akapiga. Akamwambia mama yake yote, kuanzia jiko na maji ya moto. Akamweleza wifi ile ni kitu gani, ni intaneti ya kwenye simu, haina miguu wala haina kaka. Akamwambia kwamba hakumdanganya chumbani mle, alidhani wanataniana kama siku zote. Lakini asubuhi ile alimdanganya, na nusura ampe simu Kamanda aigize sauti ya mkunga.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Nani alikuwa anaoga?"

"Hakuna, mama."

"Haya."

Simu ikakatika. Walipopiga tena, ikawa imezimwa.

Haraka alifungasha begi lake, akakaa nalo barazani. Hakutaka kwenda kwenye maporomoko na hakutaka wenzake wakose. Walikataa kumwacha. Kamanda alisema kama ni kurudi watarudi wote, gari ni moja na dereva ni yeye. Mpishi alisimama bila kuombwa, akaingia jikoni, akafunga aproni. Alipikia huzuni ile kuku mzima na viazi, wakala kimya, kikawa chakula kitamu kuliko chochote walichowahi kula wakiwa na furaha. Fundi alikaa kiti cha pili kutoka kwa Haraka. Kiti cha katikati kilibaki kitupu, na wote wawili waliutazama ule utupu kwa heshima.

Alasiri basi dogo lilisimama barabarani chini. Walishuka wanawake wawili. Mmoja mfupi, mkoba kifuani, anapanda kilima kama anayekwenda kudai chake. Wa pili mnene, viatu vyeupe vya kazini, anapumzika kila hatua na kila akipumzika anacheka.

"Mama," Haraka alisema, akasimama. Begi likaanguka.

"Dada," fundi alisema.

"Shikamoo mama," wakasema wote kwa pamoja, hata Chaja aliyekuwa chooni, alitokea akiwa bado anafunga mkanda.

"Marahaba," mama dobi alijibu watu wote kwa mkupuo, akapita. Alikwenda moja kwa moja chumba cha wasichana. Akakaa humo. Akatoka, akaingia cha wavulana. Walimsikia akifunua shuka, akilikung'uta, akilifunika. Hakuna aliyethubutu kupumua kwa sauti.

Mkunga alijitupa kwenye kiti. "Wifi, habari za milimani?" alimwuliza Haraka, machozi ya kicheko bado hayajamkauka mashavuni. "Nimetoka zamu asubuhi, simu imezimika tangu jana, nakuta mama yako getini kwetu ananingoja. Ananiuliza kwa kejeli umerudi lini huko mlimani. Namwuliza mlima gani, mama? Ananiambia, umeoga?"

Mpishi aliziba mdomo kwa aproni.

Mama akatoka. Alisimama katikati ya sebule, akawatazama mmoja mmoja.

"Haya mashuka hayakusuuzwa vizuri," akasema. "Yana sabuni."

Hakusema lingine la vyumbani. Lakini watano wale walishusha mabega kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu amewakatia kamba.

"Yeye kacheka njia nzima," mama aliendelea, akimnyooshea mkunga kidole. "Mimi sijacheka bado. Haya maji nayasikia yako wapi?"

Wakashuka wote bondeni. Mama alichagua jiwe bapa, akavua viatu, akaitumbukiza miguu. Maji yalikuwa baridi ya kukata. Miguu ile ilikuwa imesimama mbele ya pasi miaka yote ya Haraka, na Haraka hakukumbuka kuiona ikiwa imekaa mahali bila kazi. Akakaa karibu yake.

"Nasikia mmoja wenu alitaka kuwa wifi," mama alisema bila kugeuka.

Kamanda alimtazama Chaja. Chaja alitazama mawingu.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa namsaidia."

"Hebu huyo wifi nimsikie."

"Mama..."

"Nimepanda basi kwa ajili yake. Nimsikie."

Kamanda alikohoa. Akaiweka sauti chini, mbele ya mkunga mwenyewe. "Shikamoo, mama. Huku tuko salama. Watoto wanalala mapema, na mimi mwenyewe nakaa mlangoni."

Mkunga alishika kiuno. "Mimi naongea hivyo? Kama pipa?"

"Ndivyo, dada," fundi alisema. "Umepunguziwa hata."

Hapo mama dobi akacheka. Kicheko kilianza mabegani, kikashuka tumboni, akalazimika kumshika binti yake mkono asiteleze majini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alipotulia hakuuachia ule mkono.

"Ungempa simu huyu," alimwambia Haraka kwa sauti ya chini, "ningeamini. Nisingejua maisha yangu yote. Ndilo lililonitia baridi kuliko haya maji."

"Najua, mama."

"Nani alikuzuia?"

Haraka alimtazama fundi, aliyekuwa anamsaidia dada yake kuvuka mawe. Mama alifuata macho ya binti yake mpaka yalipotua, akayaacha huko.

Wazazi wenzangu, mnielewe. Mtoto hafungwi kwa kufuli wala kwa wifi. Tunawatisha, tunawahesabu, tunawapa wa kuwachunga, na bado atafika saa ambayo yuko peke yake na simu mkononi. Saa hiyo hatupo. Tuliyemlea ndiye yupo.

Jua lilipoanza kuinama, mkunga alitazama saa. Usiku alikuwa na zamu nyingine, na basi la mwisho lilikuwa linakaribia. Wakapanda hadi barabarani. Haraka alipitia ndani, akatoka na begi lake begani, akasimama pembeni ya mama yake kama mtu aliyekwisha hukumiwa na kuridhika.

"Hilo begi la wapi?" mama aliuliza.

"Nimefungasha, mama. Twende."

"Nani kakwambia twende?"

"Nilidhani umekuja kunichukua."

"Ndiyo, nilikuja kukuchukua." Mama aliliondoa lile begi begani kwa binti, akalipima uzito, akaliweka chini kwenye majani. "Safari yenu inaisha kesho. Utarudi kesho na wenzako."

"Lakini wifi anaondoka. Hakuna mtu..."

"Najua kuwa hakuna mtu. Naona." Sauti ilitetemeka kidogo, akaikaza. "Usinirudishie maneno, mwanangu, nisije nikabadili nia. Unadhani ni rahisi?"

Haraka alimwangukia kifuani. Mama alimpigapiga mgongoni, macho yake juu ya bega la binti, kwa fundi.

"Wewe kijana."

"Naam, mama."

"Wazee wako waje, kama tulivyosema. Waje asubuhi. Mchana nafua."

"Ndiyo, mama. Asante, mama."

"Sikuachii mlinzi. Nakuachia huyu."

Fundi aliinamisha kichwa. Mama akapenda hivyo.

Basi likaja, likawapakia, likaanza kutembea, kisha likasimama tena ghafla. Kichwa cha mama dobi kilitokea dirishani.

"Mlango wa jikoni una komeo bovu," akaita. "Wekeni kiti. Na usitoke na miguu mitupu kwenye umande. Na wewe wa gari, kesho usikimbize."

"Sawa, mama," wakaitikia wote.

Dereva akasema kitu, mama akamjibu, basi likaenda. Haraka alisimama hadi mlio ukamezwa na mlio wa maji. Kamanda aliwasukuma wenzake wapande mbele, akisema kwa sauti kubwa kwamba kuna watu wanajifanya hawaelewi.

Wakabaki wawili, wakaanza kupanda kilima taratibu. Haraka alingoja fundi amshike mkono, kama alivyokuwa akitamani tangu jana. Hakumshika. Alikuwa amefunga mikono yake yote nyuma.

"Mbona unatembea kama mkaguzi?" akamwuliza.

"Nimebeba kitu."

"Sikioni."

"Mama yako amenipa mzigo pale barabarani," fundi alisema. "Umejaza mikono yote miwili."

Haraka alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaishika ncha ya mkono wa shati lake, nguo tu, kwa vidole viwili, na wakapanda hivyo mpaka barazani, walikokuwa wakiitwa kula.